Vespa Yenye Namba ya Zanzibar

Kibao cha namba kiliingia Guangzhou ndani ya sanduku la Abdulwakil, kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu pamoja na papa mkavu, kwa hiyo hati zetu zote za halali zilitufikia zikinuka. Mjomba Gharib alikipokea kwa mikono miwili. Alikifuta kwa kipande cha kitambaa cha baibui, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma herufi na tarakimu zake polepole, kama mtu anayesoma hukumu ya kuachiwa huru. Kisha akaniambia nilete bisibisi.

"Sasa tuone nani atatwambia hatuna namba," alisema.

Naandika haya kwa heshima yote inayostahili sheria, kwa sababu nimesoma skuli ya bweni na sheria nazijua. Skulini kwetu Morogoro ilikuwapo sheria ya kutokimbia verandani na sheria ya kutochelewa kengele, na bweni letu lilikuwa mwisho kabisa wa veranda. Kila alfajiri msichana alichagua mwenyewe kosa atakaloadhibiwa. Mimi nilikuwa nikichagua kukimbia, kwa kuwa angalau unapata upepo.

Jina langu Nahla. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, na mama yangu, ambaye ni dada yake Mjomba Gharib, alinipeleka Uchina nikamsaidie ndugu yake kwa Kiingereza na hesabu. Hiyo ndiyo sababu iliyotangazwa. Sababu isiyotangazwa ni kwamba niliwapaka hina kuku weupe wa jirani yetu usiku wa kuamkia Idi, na jirani alitembea mtaa mzima akieleza ishara aliyoteremshiwa, mpaka mvua iliponyesha. Mtaa ulihitaji mapumziko.

Mjomba Gharib alipooza mguu wa kushoto akiwa hajaanza hata kusoma. Ndugu yake Khalid ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenda chuoni kusoma Kurani kwenye kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, na kigari kile kilipiga kelele kiasi kwamba watu walijua Gharib anakuja kabla hajakunja kona. Walipokuwa watu wazima walifungua duka la vitambaa vya baibui pale Mchangani, Unguja. Khalid alisafiri na kununua. Gharib alikaa kwenye kigoda na kuuza alichonunua Khalid. Sasa, yeyote aliyewahi kuingia duka lile anajua kwamba Gharib ndiye mwenye kitambaa vidoleni. Anafumba macho, anasugua pembe ya kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada, anakwambia kitapauka baada ya kufuliwa mara ngapi. Khalid ananunua kwa macho, na kwa ubora wa chakula cha mchana anachokaribishwa na muuzaji.

Mwaka ule Khalid alikuwa na harusi ya binti yake, na Gharib akaomba safari moja. Walikubaliana mbele ya mama yangu: Gharib akijaza kontena kwa mikono yake mwenyewe, safari za Uchina zitakuwa zake kuanzia hapo. Akishindwa, atampigia Khalid simu aje amalizie, na kigoda kitakuwa palepale kilipo. Khalid alisema maneno hayo kwa upole mkubwa. Alikuwa ameshakipangusa kigoda vumbi.

Basi tukafika Guangzhou, tukapanga chumba mtaa wa Xiaobei juu ya mkahawa wa Waislamu wa huko, ambao tambi zao mjomba alizisamehe tangu siku ya kwanza. Soko la vitambaa la Zhongda liko ng'ambo ya mto. Teksi ilitufikisha mlangoni mwa soko, lakini soko lilianzia pale teksi ilipoishia: vichochoro juu ya vichochoro, robota za vitambaa zimepangwa hadi darini, na mikokoteni inayokuja kwa kasi huku mwenye mkokoteni akipiga kelele neno moja tu, ambalo nililitafsiri kuwa "tusilaumiane." Mjomba alikuwa akiingia na gongo lake la kutembelea, anagusa kitambaa katika duka la kwanza, anagusa katika la pili, na akifika la tatu midomo imeshakuwa ya majivu. Jioni alikaa kitandani akiushika mguu kama mtu anayembembeleza mtoto asilie mbele ya wageni.

Medard ndiye aliyetaja kiti cha magurudumu. Medard ni Mhaya, alikuwa akisomea kilimo kwa ufadhili wa serikali, na alikuwa mkalimani wetu siku asizokuwa na vipindi. Kichina chake kilikuwa kizuri na cha adabu mno. Hata kuomba njia alianza kwa kuulizia afya. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba viti vile vinapatikana na Nahla atasukuma.

"Nimesukumwa vya kutosha, bwana Medard," mjomba alijibu, na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Kesho yake alinunua vespa. Wachina wana jina lao, lakini kwetu Unguja kila pikipiki ya kukalia kama kiti ni vespa, hata iwe imetengenezwa na nani. Ilikuwa nyekundu, mpya, haina gia za kubadilisha kwa mguu, na breki zake zote mbili ziko mkononi. Mguu mbovu unaupumzisha mbele kwenye ubao, mguu mzima unakusimamisha. Mpango ulikuwa aitumie mpaka kontena lijae, kisha vespa nayo iingie ndani ya kontena iende zake Unguja. Mimi nilikaa nyuma nimeshika gongo wima kama askari wa sultani. Medard alitufuata kwa baiskeli.

Tulifika mwanzo wa daraja la Haizhu. Hapo ndipo tulipokutana na Kiranja.

Jina lake la kweli silijui. Alikuwa askari wa barabarani, kijana, sare imepigwa pasi mpaka inakata, filimbi shingoni, na uso wa kiranja mkuu anayekuona na kipande cha mkate nje ya bwalo. Alitusimamisha kwa kidole kimoja. Alizunguka vespa, akatazama nyuma mahali ambapo namba hukaa, na pale hapakuwa na kitu.

Alichotueleza, kwa mdomo wa Medard, ni hiki. Mji ule ulikuwa umechoka na pikipiki. Zilikuwa nyingi, zilipiga kelele, zilinyakua mikoba ya wanawake na kutoweka nayo. Kwa hiyo mji haukutoa tena namba mpya. Wenye namba za zamani za mji waliendelea kupanda. Wenye namba za miji mingine hawakuruhusiwa kukanyaga katikati. Na asiyekuwa na namba kabisa, huyo hana swali la kuuliza.

Mjomba alitoa risiti ya dukani. Kiranja aliisoma, akaitazama vespa, akalainika. Alisema kitu hiki ni kipya, kimenunuliwa juzi, kinasafirishwa nje. Kwa hiyo si chombo cha barabarani. Ni bidhaa. Na bidhaa haipandwi. Tukiirudisha nyumbani kwa kusukuma, yeye hakuona kitu.

Nikauliza, kwa niaba ya elimu, kama mjomba anaweza kukaa juu ya bidhaa injini ikiwa imezimwa na mimi nisukume. Kiranja akafikiri kwa haki. "Bu xing," alisema, yaani haiwezekani. Aliyekaa juu yake anaipanda. Nikauliza kama mimi ninaweza kukaa na mjomba asukume. Alifikiri tena, akacheka kidogo, akasema bu xing. Nikauliza kama gongo linaweza kupanda peke yake. Medard alikataa kutafsiri.

Niliisukuma mimi mpaka Xiaobei. Mjomba alirudi kwa teksi na gongo lake, na teksi ilipotupita hakugeuza shingo kunitazama.

Medard hakukata tamaa. Aliwahi kuviona vigari vya injini vya magurudumu matatu, vya watu wenye ulemavu, vikipita kila mahali bila kuulizwa, hata mbele ya pua ya Kiranja. Akatupeleka kwenye ofisi ndogo ya mtaa. Mama mmoja mwenye miwani alitukaribisha maji ya moto, akautazama mguu wa mjomba kwa huruma ya kweli, na akaeleza kwamba vigari vile ni vya wenye kadi ya ulemavu, na kadi hutolewa kwa waliosajiliwa kuishi mjini. Mguu wa mjomba haukusajiliwa Guangzhou. Kwa macho yake mama yule aliuona umepooza. Kwa mujibu wa sheria haukuwa mlemavu, ulikuwa mgeni. Tulikunywa maji yetu tukaondoka.

Ndipo mjomba alipopata wazo la kibao. Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyelipinga. Abdulwakil, mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa Unguja wakati ule akijiandaa kuja, alisema kwenye simu kwamba ni akili kubwa. Medard alisema kimantiki limekaa sawa. Mimi nilipiga makofi. Kwetu jambo la namba linakwenda hivi: ukiwa na kibao, na bima, na stika ya njia, na faili lenye mihuri, wewe ni mtu. Trafiki anakusimamisha, unampa faili, anafungua, anaona mihuri, anakwambia umsalimie mzee wako. Kosa letu mbele ya Kiranja lilikuwa kukosa namba. Dawa ya kukosa namba ni namba. Shemeji yetu mmoja alipelekewa kwa faksi tarakimu za injini na za fremu, akajaza yote, akalipa yote, kwa ahadi kwamba chombo kitakaguliwa kikiwasili. Haikuwa kughushi. Ile ilikuwa vespa halali kuliko vespa yoyote iliyopata kuwapo, na ilikuwa haijawahi kuiona bahari.

Kwa hiyo papa, na kanga, na bisibisi.

Zile siku zilizofuata sijui nizieleze vipi bila kuonekana nimeacha utani. Tulivuka kwa daraja lingine la upande wa juu, kwenye foleni ya asubuhi, na hakuna aliyetusimamisha. Mjomba aliingia na vespa yake vichochoroni Zhongda akienda taratibu, na wenye mikokoteni wakampigia lile neno lao, naye akawajibu kwa honi. Duka la kwanza, la pili, la kumi. Alikuwa akisimama mlangoni bila kushuka, ananyoosha mkono, muuzaji anamletea pembe ya kitambaa, anafumba macho. Wakaanza kumjua. Wakimwona wanaita "laoban," bosi, na wanaficha vile vibaya kabla hajafika. Alikuwa anaimba njiani. Mtu ambaye nimemjua maisha yangu yote akiwa amekaa, sikujua kama anaimba.

Na akakipata. Kilikuwa cheusi kisichong'aa, chepesi, ukikiachia kinateremka kama maji, na ukikikunja kwenye ngumi kinafunguka hakina mkunjo. Aliniwekea mkononi akaniambia nifumbe macho na mimi. Sikuhisi kitu zaidi ya kitambaa. "Hujui, lakini siku moja utajua," alisema. Aliagiza cha kutosha kujaza sehemu kubwa ya kontena, akakamilisha malipo, na wakakubaliana siku ya kupakia.

Siku ya kupakia ndiyo siku ya kazi yenyewe, na hili Khalid hakuwahi kulielewa. Muuzaji anakuonyesha kitambaa na unakipenda. Lakini kati ya kitambaa ulichokipenda na robota inayofungwa kuna mlango wa ghala. Asiyesimama hapo akagusa kila robota kabla haijashonwa, anapelekewa binamu wa kitambaa chake. Mjomba alimwambia muuzaji atakuwa pale asubuhi, na kwamba hakuna robota ya kushonwa kabla hajaigusa. Muuzaji alisema mei wenti, hakuna tatizo.

Asubuhi ile daraja la juu lilifungwa kwa matengenezo. Tukashuka hadi Haizhu. Mjomba hakusita, alikuwa na namba.

Kiranja alitutambua kutoka mbali na akatabasamu, na mimi nikampungia gongo. Alikuja akizunguka kama mara ya kwanza, akafika nyuma, akainama. Tabasamu lake lilizimika kama taa za bweni.

Medard alishuka kwenye baiskeli akiwa na faili tayari. Alikuwa amelingojea jambo hili. Usiku mmoja alikuwa amekaa na kamusi akatafsiri hata stika ya njia. Alimkabidhi Kiranja karatasi moja baada ya nyingine, kila moja na muhuri wake, nyingine na miwili, na alikuwa na uso wa mtu anayemwekea mgeni vyakula mezani. Kiranja alizipokea zote. Kisha akapuliza filimbi kumwita mkubwa wake, mzee mwenye chupa ya chai ya kioo iliyojaa majani, ambaye alikuja bila haraka.

Mzee aliuliza chombo hiki kimesajiliwa wapi. Zanzibar, Medard alisema. Zanzibar iko wapi? Nje. Mzee akatikisa kichwa: namba za nje haziruhusiwi katikati ya mji. Hata za wilaya jirani haziruhusiwi, na hii, kwa alivyoelewa, ilikuwa mbali kidogo kuliko wilaya jirani. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, na mantiki ya Medard, na akili kubwa ya Abdulwakil, hatukuwahi kulifikiria. Aliuliza chombo kilichosajiliwa Zanzibar kimeingia Uchina kwa njia gani, na hati ya forodha iko wapi.

Mjomba alisema hakijaingia. Kilikuwa hapahapa. Kimenunuliwa duka lile, ukisimama juu ya daraja unaweza kuliona bango lake.

Basi kama hakijatoka hapa, mzee alisema, namba ya Zanzibar kimeipata wapi?

Mjomba alimtazama Medard, Medard akatazama maji. Mzee akanywa chai yake, na akatueleza kwa sauti ya upole kabisa, kama mwalimu wa hesabu anayemsikitikia mwanafunzi. Njia ni mbili. Ama chombo kimetoka Zanzibar bila kupita forodha, na hayo ni magendo, na chombo kinachukuliwa. Ama hakijatoka Zanzibar, na kibao hiki ni cha uongo, na hapo kinachukuliwa chombo pamoja na mwenye chombo. Risiti haisaidii tena. Risiti ni ya bidhaa. Kabla ya kufungwa kibao ilikuwa bidhaa, na bidhaa tungeambiwa tu tuirudishe.

Aliposema hivyo nilimwona Kiranja akitazama viatu vyake. Na yeye alikumbuka.

Hapo nikafanya jambo ambalo maisha yangu yote yalikuwa yameniandaa kwalo. Nilishuka, nikasimama wima mikono nyuma, kama pale ofisini kwa matroni, na nikakiri. Nilisema kibao ni mzaha wangu. Mjomba hajui lolote. Nimekitengeneza mwenyewe, nimekifunga usiku kwa bisibisi ili nimcheke, kwa sababu mimi ni mtoto mwenye tabia mbaya na nimewahi kupaka kuku hina. Nilimwambia Medard atafsiri kila neno, na kuku pia.

Nimetuhumiwa mizaha mingi duniani, na mingi kwa haki. Nimekana mbele ya viranja, mbele ya walimu, mbele ya imamu, na hakuna hata siku moja niliyoaminiwa. Huu ndio mzaha pekee niliowahi kuuomba uwe wangu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akaligeuza faili, ukurasa kwa ukurasa, mihuri ya bluu, mihuri ya zambarau, sahihi juu ya sahihi. Akasema kitu kifupi.

"Anasema," Medard alitafsiri, "hakuna mtoto anayeweza kufanya mzaha wenye mihuri yote hii."

"Mwambie nina akili sana."

"Nahla, nyamaza mwanangu," Mjomba Gharib alisema. Alikuwa bado amekaa kwenye vespa, mikono imeshika breki zote mbili ingawa injini ilikuwa imezimwa. "Medard, mwambie ni magendo."

"Bwana Gharib, lakini si kweli."

"Najua si kweli. Mwambie nimeileta kwa magendo kutoka Zanzibar."

Hivyo ndivyo mjomba wangu, ambaye hajawahi kupunja mtu hata inchi moja ya kitambaa, alivyokiri kuvusha kwa siri chombo kilichotengenezwa mtaa wa pili. Mzee aliandika. Mjomba akaweka sahihi yake. Akashuka kwa mguu wake mzima, na Kiranja mwenyewe akalichukua gongo nililokuwa nimeliegemeza kwenye vespa na kumpa kwa mikono miwili, kwa kuwa gongo halikuhitaji namba.

Lori lilikuwa limeegeshwa mwanzo wa daraja, limebeba pikipiki nyingine zimelazwa juu yake kama mbuzi waliofungwa miguu. Wakaipandisha ya kwetu. Medard aliuliza zinapelekwa wapi. Zitabanwa, aliambiwa, ziwe chuma bapa. Na kibao? Kibao ni ushahidi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilimwambia mjomba tutafute teksi, lakini darajani teksi hazikuruhusiwa kusimama, na yeye alikuwa ameshaanza kutembea. Gongo, mguu, kuvuta. Gongo, mguu, kuvuta. Baiskeli zilitupita pande zote mbili, mamia, zikilia kengele. Medard alikuwa na moja, akaikokota kando yetu kwa aibu, kwa sababu haikuwa na kiti cha nyuma na mguu ule usingeweza kukanyaga pedali. Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Nilitafuta. Ninayo mengi huwa yamekaa tayari, na sikupata hata moja.

Karibu na katikati ya daraja mjomba alisimama, akashika chuma cha pembeni. Hakusema amechoka. Alisema tu, "Wameshaanza kushona," na akajaribu tena, na mguu mzima nao ukakataa.

Tulisikia filimbi. Kiranja alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi, na mbele yake alikuwa amemsimamisha mtu mwenye mkokoteni mtupu anayerudi Zhongda kuchukua mzigo. Alizungumza naye, akaonyesha kidole kwa mjomba, kisha kwenye mkokoteni. Hakumtazama mjomba usoni. Medard hakuhitaji kutafsiri. Mkokoteni wa bidhaa unaruhusiwa kila mahali, saa yoyote, na sheria haikuwa imesema lolote kuhusu kilichomo.

Mjomba Gharib aliutazama ule mkokoteni muda mrefu. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma. Kisha akanipa gongo, akakaa pembeni, akaunyanyua mguu kwa mikono miwili na kujiweka katikati ya ubao, akiwa amekunja kanzu yake vizuri, na mwenye mkokoteni akavuta na mimi nikasukuma. Ulipiga kelele daraja zima. Watu walitusikia kabla hawajatuona.

Tulipofika ghalani robota zote zilikuwa zimeshonwa na zimepangwa kwenye lori, na lori limefungwa kamba. Muuzaji alitupokea kwa chai na sigara. Alisema alimngoja laoban, akaona laoban hatokei, na lori la watu haliwezi kungoja. Medard, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza bila kuulizia afya ya mtu. Muuzaji alijibu mei wenti, kitambaa ni kilekile. Kufungua? Bu xing. Kontena linangoja bandarini.

Mjomba aliomba asogezwe karibu na lori. Tukamsukuma mpaka hapo. Robota moja ya chini ilikuwa na mshono uliofunguka kidogo kwenye pembe, tundu la kuingia kidole kimoja. Akaingiza cha shahada. Akafumba macho. Nilimtazama uso, na muuzaji pia alimtazama, na Medard, na mwenye mkokoteni, ambaye hakujua tunangoja nini lakini alingoja.

Akakitoa kidole. Akakifuta kwenye kanzu.

"Kinang'aa," alisema.

Alimpigia Khalid simu jioni ile kutoka kwenye kibanda cha chini ya chumba chetu. Nilikuwa nimesimama nje ya kioo. Hakueleza mengi, nilimwona akiitikia kwa kichwa, akisikiliza, akiitikia tena. Alipotoka alisema Khalid atakuja baada ya harusi, kumalizia nafasi iliyobaki, na kwamba Khalid hakusema neno baya hata moja. Tukapanda ngazi. Aliniomba nimshike mkono, jambo ambalo hakuwahi kuliomba, na nikamshika.

Lile faili tulirudishiwa, maana walichohitaji ni kibao tu. Ninalo mimi. Bima iko sawa, njia imelipiwa mpaka mwakani. Shemeji yetu amepiga simu mara mbili akiulizia chombo kinawasili lini, kwa kuwa wanataka kukikagua. Kwa jinsi karatasi zilivyo, mjomba wangu bado ni mwenye vespa nyekundu, na hana kosa lolote barabarani.

Yeye amesimama dirishani, ameegemea gongo. Anaangalia pikipiki za wenye namba za zamani zikipita. Nimemwambia kwamba naweza kuzipaka hina zote usiku mmoja, mji mzima. Akacheka kidogo, kwa ajili yangu, kisha akaniomba nimvutie kigoda cha humu chumbani, akakaa.